Jaketi Nambari Ishirini na Saba

Kila asubuhi Apolot na rafiki yake Akwii walipita karibu na steji ya baiskeli mjini Malaba wakielekea shuleni. Malori yalikuwa yamejipanga barabarani yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Waendesha baiskeli nao waliwangoja abiria, wamevaa majaketi ya rangi ya machungwa yenye nambari kubwa mgongoni. Akwii alitaja nambari, na Apolot, msichana wa gredi ya sita, alitaja jina la mwenye jaketi papo hapo. Kumi na nne ni mzee Okwakol. Ishirini na saba ni Omuse. Hakukosea hata siku moja, na kwa kweli aliringa kidogo.

Jumanne moja alasiri habari mbaya ilienea mtaani. Anjeline, fundi wa cherehani aliyewashonea watoto wengi sare, alikuwa amebakwa kwenye kijia kinachopita shamba la miwa. Mtu alimshika kutoka nyuma akamfunika uso, kwa hiyo hakumtambua. Dada yake alimpeleka hospitalini moja kwa moja, kabla hajaoga, ili daktari amtibu na kuhifadhi ushahidi. Kutoka hapo walipiga ripoti polisi.

Huku mtaani watu walikusanyika wakiulizana nani ameona nini. Apolot alikuwa amepita kijia hicho akitoka shuleni.

"Mimi niliona Omuse akitoka kwa miwa," alisema.

Watu wote walimgeukia. Walipomuuliza kama ana hakika, alijibu kwamba anayo. Kabla jua halijatua, vijana walikuwa wamemvamia Omuse na kumpasua mdomo, na lau polisi wasingefika wangemuua. Omuse alisema alasiri hiyo alikuwa ng'ambo, Uganda, lakini nani angemsikiliza? Kesho yake Apolot alipelekwa na mama yake, Amuge, kuandikisha taarifa. Hakimu aliagiza Omuse azuiliwe siku saba ili uchunguzi uendelee.

Shuleni Apolot akawa mtu maarufu. Kila mapumziko alitakiwa kusimulia, na kila aliposimulia aliongeza madoido. Ulimi una vituko: ukirudia jambo mara tano, hata mwenyewe unaliamini.

Ijumaa asubuhi aliona jaketi nambari kumi na nne limeinama, linajaza tairi upepo. Akamwamkia mzee Okwakol. Aliyeinuka alikuwa kijana anayeitwa Ilukor. Apolot alimuuliza kwa nini amevaa jaketi la mzee.

"Mzee amevuka," Ilukor alisema akicheka. "Mtu akienda ng'ambo anaacha jaketi hapa, mwenye amebaki anavaa anamshikia zamu. Kumbe hujui, na wewe ndio unajua watu wote?"

Apolot hakucheka. Jumanne aliona jaketi, akaona mgongo, akaona nambari. Uso hakuuona.

Siku hiyo hakusoma kitu. Aliogopa kuitwa mwongo. Alimwogopa Anjeline zaidi, asije akadhani kwamba anamtetea mtu aliyemtendea unyama. Jioni alimweleza mama yake huku akilia. Amuge alimfuta machozi kwanza. Kisha akasema kwamba mdomo uliponza kichwa, ila huu wa Apolot umeponza kichwa cha mwenzake, basi wavae viatu waende kituoni.

Koplo Nasimiyu wa dawati la jinsia aliwapa viti, akafungua faili.

"Uso wake uliuona?"

"Hapana. Niliona jaketi, na kumbe wanaachiana."

"Na mbona ulisema ni Omuse?"

"Kwa sababu jaketi ni lake," Apolot alisema. "Na watu walikuwa wananiangalia."

Koplo aliandika yote polepole. Alimweleza kwamba anayesingizia mtu makusudi huweza kushtakiwa, lakini anayekuja mwenyewe kurekebisha kosa lake huwasaidia polisi. Apolot alipumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Polisi walifuata maneno hayo. Mfanyabiashara wa upande wa Uganda alithibitisha kwamba Omuse alimbebea magunia alasiri ile. Mwenyekiti wa steji, alipoulizwa, alikumbuka kwamba jaketi la Omuse siku hiyo lilivaliwa na mgeni mmoja, naye alikuwa ametoweka Jumatano. Omuse aliachiliwa. Baada ya wiki mbili mgeni huyo alikamatwa mjini Matayos, na vipimo vyake vya maabara vikalingana na ushahidi uliohifadhiwa hospitalini.

Apolot alimwomba Omuse msamaha mbele ya steji nzima. Omuse aligusa kovu la mdomo wake, akamwambia amemsamehe, lakini asimwite kwa nambari tena. Anjeline naye alikuja nyumbani kwao. Apolot alijificha nyuma ya mlango.

"Toka huko, mwanangu," Anjeline alisema. "Mimi sikumtaja Omuse. Walimtaja watu. Na siku zote alizofungiwa, mwenye aliniumiza alikuwa anatembea huru. Niliogopa hata kuenda chooni."

Apolot alilia sana siku hiyo, naye Anjeline alimkumbatia mpaka akanyamaza.

Miezi kadhaa baadaye aliitwa kutoa ushahidi katika mahakama ya Busia. Hakimu alimsikiliza ndani ya chumba kidogo, wasiohusika wakiwa nje. Wakili wa serikali alimwonyesha mshtakiwa, akamuuliza kama huyo ndiye aliyemwona kwenye miwa. Kusema ndiyo kulikuwa rahisi, maana Malaba nzima ilikuwa imeshajua kwamba ni yeye.

"Niliona jaketi na mgongo," Apolot alijibu. "Uso sikuuona."

Alitoka akamwambia Koplo Nasimiyu kwamba ameharibu kesi ya Anjeline.

"Hujaharibu," Koplo alisema. "Daktari ana kazi yake, maabara ina yake, hakimu ana yake. Ya shahidi ni kusema alichoona na kuishia hapo. Ukiongeza chumvi, asiye na kosa anafungwa, aliyeumizwa hapati haki, na mwenye kosa analala kwake."

Mwezi uliofuata mtu yule alipatikana na hatia, akafungwa. Apolot alipotoka mahakamani na mama yake, aliwaona Anjeline na Omuse wamesimama pamoja langoni. Walikuwa wakimngoja warudi nyumbani pamoja.