Barua ya Arobaini na Mbili

Hénoc, fundi wa kompyuta, alihesabu mara mbili. Kwenye kompyuta ya ofisi barua zilizotumwa zilikuwa arobaini na moja. Kwenye serveri, ile mashine ya mbali inayotunza barua zote, zilikuwa arobaini na mbili.

"Madame, pande zote mbili zinapashwa kuwa sawa," alisema. "Nani alituma hii moja?"

"Si miye," alijibu Émerance.

Hakushtuka. Tangu mumewe Nzanzu afe ndani ya gari lake, kwenye foleni ya malori mpakani Kasumbalesa, alikuwa amekauka kama udongo wa Agosti. Walimzika, wakakaa kilio, watu wakala wakaenda zao. Ila wateja wa Ndola na Durban, ambao malori yake yaliwabebea mizigo, hawakuambiwa. Émerance aliogopa watahamisha mizigo yao kwa wengine, basi kila asubuhi aliketi kwenye kiti cha marehemu, akajibu barua zao na kuweka sahihi: Nzanzu. Mwanawe Dan, dereva wa lori la pili, alilijua jambo hilo, na hata yeye alipokea maagizo ya safari kwa jina la baba yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Anayeficha kifo chenyewe ataumbuliwa na nani, hawakutuambia.

Hénoc aliigusa mashine ilete barua iliyozidi. Ndani ya ofisi ikasikika pshhh, kama breki ya upepo ya lori linaposimama. Uani hapakuwa na gari. Ikafuata harufu ya mazutu, yale mafuta ya dizeli, nzito.

Barua ilikuwa fupi: "Dan, leta gari ya pili Kasumbalesa. Nakungoja pale pale. Nzanzu."

Émerance alimpigia mwanawe simu.

"Mama, si weye uliniandikia?" Dan alisema. "Niko mu foleni tangu jana. Camions mbele, camions nyuma. Siwezi kurudia nyuma."

"Toka mu gari. Kuya na miguu."

"Na mizigo ya bantu nimuachie nani? Mama, iko nini?"

Émerance akakata simu. Alimwambia Hénoc aifute barua ile. Hénoc akaifuta, mashine ikavuta kutoka kwenye serveri, pshhh, barua ikarudi, na chini yake ikaja nyingine: "Dan, zima moteur. Nimekaribia." Akafuta zote mbili, zikarudi tatu. Kila ziliporudi harufu ilizidi, ikapanda kwenye mapazia, ikaingia kwenye chai, na Hénoc, kijana aliyekuwa akijigamba kwamba hakuna virusi asivyovijua, alianza kusali Salamu Maria kwa midomo tu huku vidole vyake vikiendelea kufuta barua ambazo hazikukubali kufutika.

Alitumwa mtu kumwita Mama Agnès, kiongozi wa kundi la sala la parokia, mzaliwa wa mji wa Manono aliyewahi kutoa pepo kwenye nyumba nyingi za wafanyakazi wa reli. Alisimama mlangoni, akanusa, akakataa kuketi.

"Bwana yako analala ku makaburi," alinong'ona. "Hii iko jini. Jina ya mufu iko nyumba ya bure, na weye kila siku unaiwashia taa. Kitu kilipita, kikaona mwangaza, kikaingia."

"Tufanye nini, Mama?"

"Sema kweli kwa bote. Jina ikikufa, hii jini itakosa pa kukaa."

Basi Émerance akaandika: Nzanzu amekufa. Aliyekuwa akiwajibu ni mimi, mjane wake. Akaweka anwani za wateja wote, na ya Dan. Mama Agnès alinyunyiza maji ya baraka kwenye kompyuta, kidogo, maana Hénoc alimwomba asizidishe. Barua ikaondoka. Zile za jini zikapotea moja moja, na pande zote mbili zikawa sawa. Harufu ikaisha. Hénoc alicheka peke yake. Émerance aliona kwamba alipaswa kufurahi, akaingoja furaha, haikuja.

Simu ikalia. Ilikuwa Dan.

"Mama, nimepata barua yako." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamshwa. "Lakini kuna muntu iko anapiga ku mulango ya camion. Anasema ile barua iko uongo."

"Muntu gani?"

Upande wa Dan kitasa kikalia.

"Dan. Usimufungulie."

"Nilisha kufungula, Mama."

Émerance akasikia mlango wa gari ukifungwa, halafu pshhh, breki zikiachiliwa, halafu simu ikipita mkono hadi mkono. Sauti aliyolala nayo kitanda kimoja kwa miaka ishirini na mitatu ikamsemesha kwa upole:

"Émerance, pumuzika. Usijibu tena ba clients. Miye na Dan tutabajibu."