Pacha Wawili, Chanjo Moja

Mama Pacha na mumewe seremala wana chumba kimoja cha kulala, na karakana mbele. Wakati huo, kila asubuhi mume aliwasha mashine ya kupigia randa, mke akipiga msasa viti, na watoto wao pacha wakigombania vumbi la mbao sakafuni. Mmoja huitwa Mkubwa, mwingine Mdogo, ingawa wamepishana kwa dakika saba tu.

Pacha walipofika miezi tisa, siku ya chanjo ya surua iliwadia. Mdogo alikuwa na mafua. Seremala alikuwa na meza sita za kumaliza, na alitaka mkewe arudi mapema. Akasema mwenye mafua abaki.

"Hawa ni pacha, damu moja," alisema. "Ukimchanja mmoja, umewachanja wote."

Mama Pacha hakukubali, ila alitii. Alimpeleka Mkubwa peke yake. Muuguzi wa kliniki akamwambia amlete na mwenzake, hata kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine.

Baada ya miezi mitatu, surua iliingia mtaani. Mdogo alishikwa na homa. Macho yakawa mekundu, vipele vikaenea mwili mzima. Siku ya tano alihema kwa taabu, mbavu zikibonyea. Wakamkimbiza hospitali. Mkubwa, aliyelala naye shuka moja, hakutoka hata kipele.

Mdogo alilazwa siku tisa. Ugonjwa ulikuwa umeshuka mapafuni. Wakalipia picha ya kifua, sindano, oksijeni na kitanda. Karakana ilifungwa, hakuna kilichoingia. Siku ya sita, seremala aliuza mashine yake. Alikuja wodini na risiti mkononi, akifoka kwamba hospitali hii ni ya wezi.

Mama Pacha akasimama. Hasira aliyoimeza tangu siku ile ya kliniki ikamtoka.

"Usimtukane mtu hapa, Baba Pacha. Wezi ni mimi na wewe. Chanjo ilikuwa bure. Sisi tukaona bure ni ghali, kwa sababu ya meza sita."

Seremala akanong'ona, si damu yao ni moja?

Muuguzi wa wodi alikuwa kwenye kitanda cha pili, akiwasikia. Wiki hiyo alikuwa amepokea watoto kumi na mmoja wa surua, na uso wake haukuwa na tabasamu.

"Baba, Mkubwa akila, Mdogo hushiba?"

Seremala akatikisa kichwa.

"Basi na chanjo ni hivyo hivyo. Kila mwili hufundishwa wenyewe kupigana na ugonjwa. Na mafua hayazuii chanjo. Ungemleta, tungemchanja."

Akaeleza kwamba aliyechanjwa huugua kwa nadra, na akiugua, mara nyingi ugonjwa huwa mwepesi. Dozi ya pili huimarisha kinga. Mdogo naye akipona achanjwe, na chanjo zote zikamilishwe.

Mdogo alitoka hospitali amekonda kama fito. Kwa siku nyingi Mama Pacha alimwambia mumewe neno moja tu: kliniki utakwenda wewe, foleni utapanga wewe.

Akaenda. Alifunga karakana, akawabeba wote wawili. Aliporudi alimkuta mteja mlangoni, amenuna. Mteja akauliza, nusu siku nzima kwa ajili ya sindano?

"Niliyoikwepa ilinila siku tisa na mashine," seremala akajibu. "Wa kwako umeshampeleka?"



Mwaka uliofuata surua ilirudi mtaani. Watoto wa nyumba mbili za jirani walilazwa. Pacha walikuwa nje wakifukuzana.

Mashine nyingine bado hawajanunua. Seremala hupiga randa kwa mkono, jasho likimtiririka mpaka kiunoni. Mama Pacha humpelekea maji ya kunywa. Pole hampi.