Doa Kwenye Kanzu ya Mwashi

Bwana Husseini alikutwa uani kwa Bi Radhiya, mjini Amu, kisiwani Lamu, baada ya sala ya adhuhuri, shingo imevunjika na kofia yake mpya imebingirika hadi mlangoni. Mwaka ulikuwa 1911. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kumuoa Rahima, binti pekee wa Bi Radhiya, na orofa ambayo bibi harusi alijengewa juu ya nyumba ya mamake, kama ilivyo ada, ilikuwa bado yapigwa chokaa, haina hata ukuta wa ukingo. Jamani, msiba gani huu wa kuingia nyumba iliyokwisha kuchinja kuku wa harusi!

Sajini Abdulkadir wa polisi alimshuku kwanza Muhdhar, ndugu wa marehemu, kwa kuwa walikuwa hawasemezani. Lakini Muhdhar alikuwa kisiwa jirani cha Manda tangu asubuhi, na mashahidi wake tele. Ndipo akaletwa Yunusi, mwashi aliyekuwa akipiga chokaa peke yake kule juu. Kanzu yake ya kazi, iliyolowa chokaa, ilikuwa na doa jekundu begani.

"Ni damu yake," Yunusi akasema. "Mimi ndiye niliyemsukuma."

Akaulizwa sababu, akanyoosha mikono afungwe pingu.

Sajini hakuridhika. Maiti aliikagua mwenyewe, na haikuwa imetoka hata tone la damu. Akamtandikia Bi Radhiya ile kanzu, akamuuliza kama alisikia ugomvi. Hakusikia kitu, alikuwa jikoni akitwanga. Ila doa lile alipoliona, alilitambua. Tangu utotoni alichezea unga wa manjano na chokaa ya tambuu, na alijua rangi inayotoka vikikutana. Na mle nyumbani aliyepakwa manjano ya harusi ni mmoja tu. Alimpaka kwa mikono yake asubuhi ile, kutoka shingoni hadi vidoleni.

Angenyamaza, Yunusi angenyongwa na Rahima angebaki. Mwashi mwenyewe ndivyo alivyotaka. Lakini kule mtaa wa Wiyoni alikuwako Bi Barka, mamake Yunusi, naye pia alijaliwa mtoto huyo huyo mmoja. Machozi yakimtoka, Bi Radhiya akaomba ndimu.

Akaikamua kwanza kwenye kitambaa alichofutia kisu cha kuchinjia kuku. Damu ikabaki na weusi wake. Akaikamua kwenye kanzu. Wekundu ukafa pale pale, likabaki doa la njano, na alama za vidole vitano zikaonekana wazi.

"Chokaa huyageuza manjano yakawa mekundu," akamwambia Sajini. "Ndimu na chokaa ni mahasimu. Ndimu huiua nguvu ya chokaa, manjano yakarudi yalivyokuwa. Damu haifanyi hivyo."

"Nani humu ndani amepakwa manjano, Bi Radhiya?"

Pazia likafunuliwa, akatoka Rahima, mwili wote njano.

"Mwachieni Yunusi," akasema. "Nilipanda kumuaga. Husseini akatukuta, akainua bakora ampige Yunusi kichwani. Nikamsukuma. Sikukumbuka kwamba hakuna ukingo." Kule juu, alipoona Husseini hainuki, alikuwa amemwangukia Yunusi begani, akalia, na kiganja chake kikabaki pale kwenye chokaa mbichi. Sasa akamgeukia mamake. "Mama, nilikwambia simtaki."

Ni kweli, alimwambia, tena si mara moja. Bi Radhiya alimjibu kwamba atamzoea.

Akamuomba Sajini ampe nafasi amwoshe mwanawe, asipelekwe gerezani na rangi ya harusi. Sajini akageuka, akatazama ukutani. Bi Radhiya akaleta maji na sabuni, wakaketi uani. Kwa majonzi alisahau kwamba sabuni nayo ina tabia ya chokaa. Alipomsugua viganja, povu likageuka jekundu, maji yakatiririka mekundu hadi pale alipoangukia Husseini. Akazidi kusugua.

"Basi, mama, yatosha," Rahima akamwambia, lakini Bi Radhiya hakuacha.