Abiria Aliyetoka Matangani

Luzviminda alitoka matangani saa kumi na moja jioni, giza la Desemba likiwa limeshaingia Winnipeg. Miguu ilimwaka moto. Tangu alfajiri alikuwa amesimama: kwanza akisafisha vyumba vya wazee kazini, kisha akiwagawia chai waombolezaji wa Milagros, mfanyakazi mwenzake.

Mlangoni, binamu yake Erlinda alimshika mkono.

"Usiende nyumbani moja kwa moja, dada. Pita popote kwanza, hata mgahawani. Usije ukamfikisha marehemu kwa mwanao."

"Erlinda, nimechoka. Na marehemu naye amechoka."

Basi lilikuwa limejaa, watu wamesimama wamebanana. Lakini kiti cha kando yake hakikukaliwa. Mzee mmoja alikiinamia akae, akasita.

"Samahani," alisema, akarudi nyuma.

Kulikuwa na harufu ya kafuri...

Ni nguo zangu tu, alijiambia Luzviminda.

Alikoshuka kubadilisha, basi la pili halikuja. Baridi ilipomfisha ganzi vidole, alisimamisha teksi. Dereva, Kalasinga wa makamo aitwaye Gurnam, alimngoja afunge mkanda. Akafunga. Gari halikuondoka.

"Mwambie na mwenzako afunge, mama."

"Mwenzangu nani?"

Gurnam alitazama kioo.

"Huyo mwenye skafu ya kijani."

Milagros alikuwa amevishwa skafu ya kijani ndani ya jeneza.

Luzviminda hakugeuka. Alimfikiria Analyn, binti yake wa miaka sita, aliyekuwa nyumbani na jirani.

"Kaka," alinong'ona, "usinipeleke nyumbani kwanza. Simama kwenye mgahawa wowote. Unisubiri."

Aliagiza kahawa mbili. Moja akaisogeza upande wa pili wa meza.

"Kaa hapa, Mila. Nakuomba. Mimi nina mtoto."

Mvuke wa kikombe kile ulikatika ghafla... kama mtu ameupuliza.

Alitoka mbio. Ndani ya teksi hapakuwa tena na harufu. Kiti cha kando yake kilikuwa kitupu. Njia nzima Gurnam hakutazama kioo.

"Wewe ndiye abiria wangu wa mwisho leo, mama," alisema walipofika. "Nami narudi kwangu. Watoto hawalali mpaka wanione."

Dirishani, Analyn alikuwa akimpungia mkono. Luzviminda alitamani kukaa palepale kwenye theluji alie.

Teksi ikageuza chini ya taa ya barabarani.

Kiti cha mbele, kando ya Gurnam, kilikuwa na mtu.

Skafu ya kijani.

Luzviminda aliinua mkono amwite Gurnam. Jina lilifika ulimini, likakwama. Kama angeitikia, angerudi hapa, mlangoni pa Analyn. Na asingerudi peke yake.

Aliushusha mkono. Akaingia ndani, akafunga mlango kwa ufunguo.

Majira yote ya baridi, akiwa kituoni, alichungulia nyuso za madereva wa teksi waliopita. Hakumwona Gurnam tena.