Mgeni Aliyeuliza Mmekula Nini

Siku ya soko Muyinga si siku ya kugeuka na ubao mrefu mgongoni, lakini Abubakari aligeuka. Alikuwa kijana wa Musinzira, Gitega, aliyeajiriwa na serikali kupita nyumba kwa nyumba kuuliza watu wanakula nini na kupima watoto wao. Ubao ulikuwa wa kupimia urefu wa watoto. Ulipogeuka naye ukafagia meza ya Amisa, na ndagala kavu, vile visamaki vidogo vya ziwani, zikamwagika mpaka kwenye viatu vya wateja.

"We bwana, uko unajenga nyumba humu sokoni?" Amisa akauliza, mikono kiunoni.

Alivaa kitenge cha manjano na mtandio wa kijani uliomkaa vizuri kupita kiasi, na yule kijana akasahau alichotaka kusema.

"Pardon, dada. Mi nitaokota zote."

"Na zenye zimekanyagwa?"

"Nitanunua."

"Utakula?"

"Kama ni we unapika, nitakula."

Amisa alicheka kabla hajaamua kama acheke.

Alasiri aliporudi nyumbani alimkuta kijana yuleyule sebuleni, kwenye kiti cha wageni. Nyumba yao ilikuwa imechaguliwa kwa kura tu, kama nyingine za mtaa ule. Lakini mama yake, Kadidja, hakuwa na habari za kura. Shangazi wa Gitega alikuwa amempigia simu kwamba kuna familia itatuma mtu amwangalie Amisa kimyakimya, namna wanavyofanya wenye adabu kabla ya kuleta posa. Sasa amekuja kijana wa Gitega, shati jeupe limepigwa pasi, anauliza nani anapika hapa na mnakula watu wangapi. Angekuwa nani mwingine?

"Mi natumwa na serikali, maman," Abubakari alisema.

"Najua, mwanangu, najua," Kadidja akajibu, akimkonyeza.

"Wiki hii mulikula nyama siku ngapi?"

"Kila siku. Amisa njo anapika."

"Mayai?"

"Kila asubuhi."

"Maziwa? Matunda?"

"Mpaka tunachoka nayo."

Amisa, aliyepika maharagi na bugali wiki nzima, alitazama chini asicheke. Kijana aliandika yote kwa heshima, bila kuinua hata nyusi, na moyo wa Amisa ukamwendea. Alipomsindikiza mlangoni alimpa namba yake ya simu bila kuombwa.

Wakaanza kupigiana.

"Cherie, leo mtoto moja amenikojolea juu ya mizani."

"Na uliandika kilo ngapi?"

"Nilingoja amalize kwanza."

Siku moja, katikati ya vicheko, Amisa, aliyeambiwa na mama yake kuhusu simu ya shangazi na kudhani mchumba ni Abubakari mwenyewe, akauliza, "Na posa italetwa lini?"

"Posa gani?"

"Ya wale wenye walikutuma."

"Hakuna mtu alinituma, Amisa. Ni serikali tu."

Masikio ya Amisa yaliwaka kwa aibu. "Kumbe ulikuja juu ya chakula, si juu yangu," akasema, akakata simu. Hakuipokea tena, ingawa iliita sana.

Siku chache baadaye akaja msimamizi, Madamu Salama, mama mwenye miwani, kurudia maswali katika nyumba chache ili ajue kama vijana wake wanafanya kazi kweli. Kadidja hakumwona huyu kuwa mtu wa posa hata kidogo, kwa hiyo akamwambia ukweli.

"Nyama ile wiki? Hata siku moja. Maharagi na bugali, mafuta kidogo."

Salama akavua miwani. "Basi ule kijana hakufika hapa. Alijiandikia tu. Tukisema watu wa hapa wanakula nyama kila siku, nani ataleta unga wa uji wa watoto? Mi nitamfukuza kazi."

Amisa alifungua mdomo, lakini mama yake alimfinya mkono mpaka mgeni akaondoka.

"Maman, atapoteza kazi."

"Na mi nipoteze sura? Niseme nilimudanganya juu nilifikiri anakuletea bwana?"

"Basi mi nitasema."

Alikuwa bado na hasira na Abubakari, lakini alimpenda, na hakuweza kuvumilia afukuzwe kwa uongo wa nyumba yao. Asubuhi akapanda gari la Gitega, kwenye ofisi ya Salama.

Alimkuta amesimama mbele ya meza ya Salama, jile yake, kizibao cha kazi, ameikunja mkononi. Kila alipoulizwa nyama ile ilitoka wapi alijibu kwamba ndivyo alivyoambiwa. Hakutaka kumwita mama yake Amisa mwongo.

"Alifika," Amisa akasema kutoka mlangoni, mtandio wake umejaa vumbi la barabara. "Mama alifikiri ni mtu wa posa. Kwetu hatukukula nyama. Ni maharagi, hata jana, hata leo mi nimekuja na maharagi ndani ya tumbo."

Aliyasema mbele ya makarani wote. Abubakari alimtazama kana kwamba amemwona sasa hivi kwa mara ya kwanza.

Salama alicheka mpaka akafuta miwani. "Eh bon, vaa jile yako. Ile nyumba iulizwe upya. Kesho urudi Muyinga."

"Mi siwezi, Madamu."

"Juu ya nini?"

"Kanuni inakataza kuuliza nyumba ya ndugu."

"We uko na ndugu pale?"

"Bado," Abubakari akasema, macho kwa Amisa. "Lakini akikubali, nitakuwa mkwe."

Makarani waliacha kuandika.

"Mkwe mwenye anamwaga ndagala za watu?" Amisa akauliza.

"Ubao nitauacha Gitega."

"Basi tuma mtu. Lakini mara hii awe wa kweli."

Alitumwa shangazi yake Abubakari, Mwajuma, na kitenge kipya cha zambarau. Alikunywa chai, akasifu nyumba, kisha akauliza polepole hapa nani anapika na jana walikula nini.

Kadidja alimtazama vizuri kabla ya kujibu.

"Unisamehe, dada. Kwanza niambie, we uko wa serikali ao wa posa?"

"Wa posa."

Kadidja akashusha pumzi.

"Tulikula maharagi," akasema. "Amisa njo alipika. Kuna yenye yalibaki, nikuletee?"