Kisanduku Kisichodondosha Maji

"Barafu imeibwa. Iko njiani kwenda gati la Mtongwe."

Kache Gona, mpelelezi wa serikali, alizima redio yake ya Motorola, akakanyaga mafuta. Pijo 504 ikaruka mashimo ya Likoni.

Barafu lilikuwa jina la siri la jasho la Daktari Bakari Mwidani. Ncha za kromosomu huchakaa kila seli inapojigawa, na kipo kimeng'enya kinachozirefusha tena. Kwa miaka sita Bakari alisaka protini zinazokiunda. Mwaka huo wa 1996 alizipata mbili, kubwa na ndogo. Zikipata joto tu, basi, zimeharibika.

Asubuhi hiyo mtu aitwaye Lewa, kibaraka wa majasusi wa ng'ambo, alimpiga Bakari risasi ya tumbo akatoweka nazo.

Kache hakuijua sura yake.

Gatini, wachuuzi kumi na mmoja wa samaki walingoja boti, kila mmoja na kisanduku chake. Kache hakuwatazama nyuso. Alitazama chini. Mamake aliuza samaki Utange, na visanduku vile vilimlowesha mgongo utoto wake wote.

Kumi vilidondosha maji.

Kimoja kilikuwa kikavu. Barafu kavu ya maabara haiachi maji, hufuka moshi tu. Mjanja Lewa hakuwahi kubeba samaki maishani mwake.

"Kaka, samaki gani hao?"

"Changu, dada. Wabichi, wallahi."

"Mbona barafu yako haidondoki?"

Bastola ilitoka kanzuni. Risasi ikapasua bega la Kache. Browning yake ikajibu, goti la Lewa likasambaratika. Akaanguka, akakisukuma kisanduku kwa mguu mzima kuelekea majini.

Kache alikirukia, akakidaka ukingoni. Lewa akalenga tena.

Alichelewa. Risasi ya Kache ilimwingia kooni, damu ikatapakaa juu ya magamba ya samaki.

Hospitalini, Bakari alikuwa kwenye machela mlangoni pa chumba cha upasuaji. Saa nzima alikataa kuingizwa.

"Zote mbili, mwanangu?"

"Zote, daktari. Kubwa na ndogo."

"Zingali baridi?"

Kache alifungua kifuniko. Moshi mweupe ukamwagika usoni mwa Bakari. Mzee akalia bila haya.

"Alhamdulillahi," akawaambia madaktari. "Haya, nipasueni."

Kache akaondoka akichuruzika damu, kutafuta wa kumshona bega.