Fungu la Tano la Neno Round

Dada Mashine alikuwa ameshapiga chapa mafungu manne ya kadi za neno la Kiingereza *round*. Saa nane na nusu mchana alivuta droo achukue la tano, la vitenzi. Halikuwapo. Mahali pake palisimamishwa kibao chembamba.

Zilikuwa kadi mia na themanini, jasho la miezi saba la Mzee Miwani, mtunzi wa kamusi. Mkuu wa ofisi hakukawia kupata mwizi.

"Mama, ufunguo wa ofisi unao wewe. Umezifagia. Kesho usije."

"Bosi, mimi karatasi ya sakafuni huiuliza kwanza kama ina mwenyewe," alisema mama wa usafi.

"Saa kumi ufunguo uwe mezani kwangu."

Dada Mashine alimvuta mama kando, akamwonyesha droo, akachomoa kibao. "Hiki kibao ni cha nini?"

"Si rula?"

"Mzee je? Huwa hachukui kadi nyumbani?"

"Huchukua. Lakini jana saa sita nilimshika mkono mpaka kwenye gari la hospitali ya macho. Hajarudi."

Na jana saa kumi na moja jioni, Dada Mashine alilihesabu fungu hilo mwenyewe. Akaenda chumba cha Naibu, mpwa wa Mzee.

"Naibu, mwizi huchukua akaenda zake. Huyu aliweka kibao, mafungu mengine yasianguke. Mzee aliwafundisha hivyo watu wawili tu, mimi na wewe."

Naibu aliinamisha kichwa, kisha akafungua mkoba. Kadi zilikuwamo.

"Mjomba haoni tena, dada. Kadi thelathini na moja za nomino amezitia humu. Wakubwa wakiona, watasema miaka yake yote alikuwa anakisia. Nilitaka kuzirekebisha kabla hujalifikia fungu hili. Sasa wewe unapiga chapa kama mvua."

"Na mama afukuzwe?"

Naibu aliinuka na mkoba wake. Saa kumi kasoro dakika tano alisimama mbele ya Mkuu, akasema yote. Mama alikuwa ameshauweka ufunguo mezani; Mkuu aliusukuma kwake. "Kaa nao. Nilikosea."

Walitandaza kadi mezani. Mama akainama kuangalia.

"Neno moja, mafungu matano?"

"Kwetu neno likibadili kazi hubadili na nguo," alisema Dada Mashine. "Piga, pigo, mpigaji. Hili lina shati moja tu. Leo ni raundi ya ngumi, kesho ni umbo la meza, keshokutwa ni kuzunguka kona. Majirani zake kwenye sentensi ndio wanaokuambia limekuja kufanya nini. Mzee aliwasikiliza majirani wote hao, kadi kwa kadi."

"Kazi hiyo," mama alisema taratibu, "si ya macho peke yake."

Naibu aliokota kadi moja. "Kesho mjomba akirudi nitamwambia. Nitamsomea, apange mwenyewe."

Saa kumi na moja zilibaki kadi arobaini za kumsubiri Mzee. Dada Mashine aliweka fungu kando ya mashine, akageukia droo. Mama alikuwa amemtangulia, kibao mkononi, anakisimamisha penye pengo.

"Ndivyo?"

"Ndivyo."